Umeme wa Kubembeleza

Bibi anayeuza machungwa gatini Nansio, kisiwani Ukerewe, alikata simu, akakaa kimya kidogo, kisha akanigeukia. Nilikuwa pembeni yake nikingoja meli ya kurudi Mwanza. "Mwanangu, wewe unaonekana umesoma. Mtu akisema wamemwekea kifaa cha kumsisimua tumbo kwa umeme, wamemfanya nini?"

Mjukuu wake yuko Marekani. Ana kisukari cha miaka mingi, na kisukari kimeshafika kwenye neva za tumbo: chakula kinaingia, kinakaa, hakishuki, mwisho kinarudi kilikotoka. Madaktari wamemwekea kifaa chini ya ngozi ya tumbo, kinachoenea kiganjani, chenye nyaya mbili zilizoshikizwa kwenye ukuta wa mfuko wa chakula. Kijana aliitafsiri karatasi ya hospitali neno kwa neno na kumsomea bibi yake kwa simu. Bibi akashika maneno mawili tu. La kwanza "umeme", ambao huku visiwani huweza kumkuta mvuvi katikati ya maji. La pili "kusisimua", jambo ambalo halisemwi juu ya tumbo la mjukuu mbele za watu.

Nilimweleza kitu chenyewe, akaelewa nusu. Jina sikumpa, maana sikuwa nalo. Honi ikalia, nikapanda.

Meli inayoitwa MV Clarias imefanya safari nyingi za Mwanza na Nansio. Clarias ni jina la kitaalamu la kambale. Watu wamevuka ziwa ndani ya kambale kwa miaka na mikaka bila kujua, kwa sababu aliyeibatiza alitumia jina la maabara badala ya jina la mwaloni. Safari nzima nilikuwa nikiyapindua maneno ya yule bibi, na ninakuletea, msomaji mwenzangu, niliyoyaokota.

Tuanze na "umeme". Lugha nyingi za Ulaya zililipata neno lake kwenye kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe, ambao ukiusugua huvuta majani makavu. Wagiriki waliuita elektroni, na mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert akachonga humo jina la nguvu hiyo ya kuvuta. Waarabu wakapita njia ileile kwa neno la Kiajemi lenye maana ya mnyang'anya-makapi, na leo umeme kwao ni kahraba. Sisi neno hilo tunalo, "kaharabu", ila tuliliacha likabaki jina la kito. Nguvu yenyewe tukaiita kwa kile kinachomemeta juu ya ziwa usiku wa masika.

Ulikuwa uchaguzi mzuri, na una gharama yake. Neno lililotoka mbinguni lina vitisho vya mbinguni. Daktari anayetaka kuuweka umeme tumboni mwa mtu lazima kwanza aushushe kutoka mawinguni, na kazi hiyo huifanya kwa neno linalofuata "umeme", si kwa "umeme" lenyewe. Kwa hiyo mzigo wote wa istilahi yetu umo katika kitenzi.

Wakenya walikwepa hofu hiyo bila kukusudia. Kwao ni "stima", neno lililoanzia kwenye mvuke na meli za mvuke, kisha likahamia kwenye nyaya. Halina radi ndani yake. Vijana wa huku nao wana "stimu", na mtu akisema stimu zimekata, shirika la umeme, TANESCO, halihusiki. Maneno yote mawili ni matamu mdomoni, lakini ukimwambia mgonjwa kwamba utalipa tumbo lake stimu, ndugu zake watakuita pembeni.

Na kabla hatujauacha umeme, tumkumbuke domodomo. Ni samaki wa ziwa hili mwenye mdomo mrefu kama mkonga, na waliompa jina waliutazama mdomo tu. Lakini domodomo ana umeme. Hutoa mapigo madogo yasiyomdhuru mtu, akiyatumia kupapasa njia kwenye maji machafu gizani na kuwasiliana na wenzake. Mvuvi anayemshika hahisi kitu. Kumbe umeme usioua, unaonong'ona tu, umekuwa ukiogelea chini ya mitumbwi yetu siku zote. Tulikosa jina lake kwa sababu hatukuwahi kuusikia.

Sasa kitenzi. Kijana alisema "kusisimua". Mwili husisimka kwa baridi, kwa woga, kwa wimbo mzuri, kwa kuguswa na mpenzi. Ni neno la ngozi na la hisia. Magazeti yameliongezea kazi: mechi ya kusisimua, riwaya ya kusisimua. Tumbo la mgonjwa wa kutapika limeshasisimka vya kutosha. Neno hili tuliachie watangazaji wa mpira.

Vitabu vya shule na vya afya hupenda "kuchochea". Asili yake ni mekoni: unasogeza kuni, unatikisa makaa, moto unapanda. Kutoka hapo likaenda mahakamani, ambako uchochezi ni kosa. Likaenda maabara, ambako kichocheo huharakisha mabadiliko ya kikemia. Likaenda kliniki, ambako homoni nazo huitwa vichocheo. Neno lenye ajira nne halistahili kupewa ya tano. Na tumbo lenye kiungulia lina moto wake tayari; nani anataka kwenda kuuchochea?

Nimechimba chini zaidi, kwenye neno la kigeni ambalo kijana alikuwa akilitafsiri. Ni la Kilatini, stimulus, na kwa Warumi ilikuwa fimbo yenye ncha ya kumchomea ng'ombe atembee. Ng'ambo ya pili ya maji, Usukumani, wanaolima kwa maksai wangeijua mara moja. Kiswahili nacho kina "mchokoo", kijiti cha kuchokolea, ndugu wa chokoa na chokoza. Kwa hiyo tafsiri aminifu kabisa ya kile kifaa ingekuwa "mchokoo wa tumbo". Uaminifu wa namna hiyo haumfai mgonjwa. Asili ya neno la wenzetu ni hadithi nzuri ya kujua, wala haitulazimishi kumpiga fimbo mtu wetu.

"Kushtua" lina watetezi wake, hasa mafundi. Gari likigoma kuwaka, unalishtua. Neno hili lina historia hata katika sayansi: mwaka 1791 Luigi Galvani wa Italia alichapisha habari za miguu ya chura aliyekufa iliyoruka ilipoguswa na umeme, na tangu siku hiyo watu huwaza kwamba umeme ukigusa mwili lazima mwili uruke. Lakini kifaa cha tumbo hutoa miliampea chache tu, na kikipangwa vizuri mwenyewe hashtuki hata kidogo. Kushtua ni kwa gari na kwa chura.

Magonjwa yenyewe tunayataja vizuri kuliko vifaa. "Kiungulia" kimo ndani ya kuungua. "Kuvimbiwa" ni tendo linalotendwa na chakula dhidi ya mlaji. Tumbo "huendesha", kitenzi kilekile cha dereva, na aliyewahi kuendeshwa anajua usukani haukuwa mikononi mwake. "Kufunga choo" ni kitasa. "Haja" ni adabu tupu. Hapa hatuhitaji kamati. Tunahitaji tu madaktari wayatumie maneno haya bila kuona haya.

"Mmeng'enyo" ni neno la darasani lililofaulu. Wazee walisema tumbo linasaga, na jiwe la kusagia lilionekana ndani ya neno. Meng'enya lina kazi ya taratibu zaidi, kipande baada ya kipande, na masikioni mwangu linakaa jirani na mega. Ile ng' katikati yake ni sauti ya mtu anayetafuna. Likazaa "kimeng'enya", mojawapo ya istilahi ambazo ningejivunia kama ningezitunga mimi. Ukitaka kujua istilahi njema inafananaje, itamke hiyo polepole.

"Tumbo" lenyewe ndilo tatizo. Neno moja lina nyumba tatu: tumbo la nje linaloshikwa na mkanda, tumbo la chakula, na tumbo la uzazi. Ndugu wa tumbo moja hawakulala kwenye mfuko wa chakula. Ukisema "kifaa cha tumbo" mbele ya akina mama kliniki, watadhani ni uzazi wa mpango, na watakuwa na haki, kwa sababu huko ndiko vifaa vya mwilini vilikopata majina mazuri: "kitanzi" na "kijiti". Aliyeviita hivyo alitazama umbo, akasema alichoona, na leo hakuna anayeuliza maana yake. Basi sharti la kwanza: tuseme "tumbo la chakula", maneno matatu kamili, hata kama ulimi utachoka. Kukimbilia "utumbo" si dawa. Utumbo ni kiungo kingine, na mtaani ni maneno ya kipuuzi.

Ugonjwa wa mjukuu wa bibi baadhi yetu huuita "kupooza kwa tumbo". Mimi napinga. Aliyepooza, kwa sikio la Mswahili, hainuki tena. Tumbo hilo halijafa, limelegea. Hata Kigiriki kilikotoka neno la kitabibu kina neno la kupooza na neno la kulegea, na hapa madaktari walichagua la kulegea. Kwa cheti, tuandike "ulegevu wa tumbo la chakula". Kwa mazungumzo ya nyumbani, "tumbo goigoi" lingemfanya mgonjwa acheke, naye ana uhaba wa kicheko.

"Neva" ni mgeni aliyekwisha kupewa uraia. Mwenyeji wake, "mshipa", amelemewa: ni wa damu, ni wa fahamu, ni wa ngiri pia. Tuendelee na neva. Lakini ile ndefu inayotoka kichwani, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni, wataalamu wetu huiita "vagasi" na kunyamaza. Kwa Kilatini jina hilo ni mzururaji, mtu asiyetulia kwao. Kwa nini tufiche utani huo? "Neva tangatanga" ingekaa kichwani mwa mwanafunzi siku ya kwanza. Upande wa chini kuna kifaa kingine, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa watu wasioweza kuzuia haja kubwa. Waya wake hufika kwenye neva zinazotokea juu kidogo ya kifandugu. Warumi waliuita mfupa wa hapo mtakatifu, na ndiyo maana vitabu huandika "sakrali". Ukisema "neva za juu ya kifandugu", mgonjwa atapeleka mkono mahali penyewe bila kuelekezwa.

Tulipofika katikati, ziwa likachafuka. Mama mmoja karibu nami akaomba mfuko, akasema moyo wake umechafuka. Akasita, akajisahihisha: tumbo limechafuka. Ziwa, moyo, tumbo, na kitenzi kimoja. Hakuna lugha ninayoijua inayokijua kichefuchefu kwa usahihi kuliko hii. Na si sitiari tu. Tumbo lina mawimbi ya umeme ya kwake, kama matatu kwa dakika kwa mtu mzima. Mwaka 1922 Walter Alvarez, daktari wa Marekani, alichapisha mchoro wa mawimbi hayo. Mdundo wake hutoka kwenye seli zinazobeba jina la Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Nilijaribu kuhesabu mawimbi ubavuni mwa meli. Yalizidi matatu kwa dakika, na hali yangu ilithibitisha.

Kwa hiyo kinyume cha kuchafuka ndicho tunachokitafuta, nacho ni "kutulia". Hapa istilahi ya kigeni yenyewe inapotosha. Kifaa maarufu cha tumbo la chakula, Enterra, kilichopata kibali maalumu Marekani mwaka 2000 kwa wagonjwa wachache wasiosaidiwa na dawa, hakilisukumi tumbo kama maksai. Mapigo yake ni madogo na ya haraka kuliko mawimbi ya tumbo lenyewe. Wengi wanaonufaika hutapika kidogo na huchafukwa kidogo, hata pale chakula kinapoendelea kushuka kwa mwendo wake wa uvivu. Ndivyo pia kile kidogo kinachobandikwa nyuma ya sikio la mtoto mwenye maumivu ya tumbo, kilichoruhusiwa huko mwaka 2019 kwa wenye miaka 11 hadi 18. Hivi havichochei. Vinatuliza.

Nusura nisimame hapo na "kitulizo". Lakini kifaa cha kifandugu hakitulizi. Kinausaidia mwili urudie kazi yake ya kuzuia haja. Kimoja kinalaza, kingine kinaamsha. Tunahitaji kitenzi kimoja kinachobeba yote mawili, laini, chenye mapigo yanayorudiarudia.

Tunacho. Mtoto akigoma kula, anabembelezwa ale. Akigoma kulala, anabembelezwa alale. "Kubembeleza" limekaa nyumba moja na bembea, ile pembea ya watoto inayokwenda na kurudi, na kiganja cha mama mgongoni mwa mwanawe kina mdundo mzuri kuliko mashine yoyote. Halitishi. Halichokozi. Halina kesi mahakamani. Lina subira, na tiba hii ina subira, maana madaktari huongeza na kupunguza nguvu ya kifaa hadi mwili ukubali. Pendekezo langu basi: tendo liwe "ubembelezaji wa neva kwa umeme", na kifaa kiwe "kibembelezi". Kibembelezi cha tumbo la chakula, kibembelezi cha kifandugu, kibembelezi cha sikio. Neva tangatanga ikibembelezwa, huenda ikatulia kwao.

Utaniambia kwamba watu watasema "betri" tu. Na waseme. Mgonjwa wa moyo anayetibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, akipata kile kifaa cha kusaidia mapigo, nyumbani huwaambia amewekewa betri ya moyo, na jina hilo limeingia hadi magazetini. Betri yenyewe wazee walianza kwa kuiita mawe ya redio, kisha neno betri likashinda. Angalia pia "kuwekewa": si kupandikizwa kama mche wa mpunga, kwa sababu kifaa hakioti mizizi wala hakikui. Umma ulichagua vizuri bila semina. "Betri ya tumbo la chakula" iwe ya mtaani, "kibembelezi" iwe ya kitabuni, nazo zisalimiane zikikutana wodini.

Najua istilahi nyingi huzaliwa mkutanoni na kufia mkutanoni. "Tarakilishi" ina ukoo mzuri, na bado watu wananunua kompyuta. Lakini "Ukimwi" ulizaliwa kwa vifupisho vya Kiswahili ukalishinda jina la kigeni nchi nzima, na LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, imekuwa neno la kawaida hadi mtoto anatumwa dukani kununua luku. Yaliyoshinda yalikuwa na kitu kimoja: yalimgusa mtu siku aliyoyahitaji. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kazi ya kusanifisha. Kazi ya kuleta maneno ya kusanifishwa ni yetu.

Na kisiwa cha yule bibi kina mfano wake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyeichapa. Akaihamishia mwenyewe kwenye Kiswahili, kwa mkono wake, uzeeni, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Hakuona kwamba neno la kijijini ni dogo mno kwa kitabu kikubwa. Wewe unayefanya kazi wodini, kwenye duka la dawa, darasani, andika neno analolitumia mgonjwa wako, ulilete mezani. Kibembelezi changu ukikiona kibaya, leta kizuri zaidi.

Niliporudi Nansio nilimkuta bibi palepale, beseni la machungwa mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia: "Bibi, kile kifaa cha mjukuu ni kibembelezi. Ni betri ya tumbo la chakula. Inalibembeleza litulie, asitapike."

Aliendelea kumenya chungwa la mteja. Maana hakuuliza. Aliuliza, "Na chaji wanaitilia wapi?"

Haichajiwi, bibi. Inakaa miaka kadhaa, ikiisha wanaifungua ngozi na kumwekea nyingine.